Mzunguko wa Tatu katika Jumba la Mizani

Katika mji wetu mtembeza wageni hutembea kinyumenyume. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu watu wa kutoka nje hucheka wakituona, na mimi sipendi kuchekwa nikiwa kazini. Mara moja kwa mwaka, Siku ya Milango, majengo kumi yenye sifa hufunguliwa kwa watu wote tangu asubuhi hadi alasiri, na kila jengo hupewa mtu mmoja wa kulisemea. Mtu huyo haruhusiwi kumpa mgeni mgongo. Huingia kila chumba kwa visigino, uso kwa wageni, huku akieleza yaliyo nyuma yake. Mimi nimefanya kazi hii katika Jumba la Mizani kwa muda ambao sitajaribu kuutaja, na nimeeleza vizuri sana vyumba ambavyo sijapata kuvitazama.

Nimelifikiria jambo hili kuliko inavyompasa mtu wa cheo changu. Lina raha yake. Anayeeleza kitu huku amekipa mgongo hasumbuliwi na kitu chenyewe. Ukuta hauwezi kumkatiza maneno. Mimi nina karatasi ya njano ya Ofisi ya Milango, nimeihifadhi neno kwa neno, na karatasi haina nyufa wala harufu ya popo. Nikisema kwamba kushoto kwenu mnaona dirisha la mbao za msaji, wageni hutazama, huliona dirisha, hutikisa vichwa. Wao ndio wanaoona, mimi ndiye ninayejua. Kwa miaka mingi mgawanyo huo ulinipendeza, na ilinichukua mzunguko wa tatu kujiuliza kujua kwangu kulikuwa kujua nini.

Halafu siku hiyo hatuna majina. Kila mtembeza wageni huvaa beji ya shaba iliyoandikwa MWENYEJI, na kila anayeingia huitwa mgeni, hata kama alizaliwa ndani ya nyumba hiyo. Nilipata kumwona mzee mmoja, katika jengo la jirani, akionyeshwa kitanda alichozaliwa juu yake. Alisimama na wenzake nyuma ya kamba, akasikiliza maelezo mpaka mwisho, akasema ahsante, akauliza choo kiko wapi. Hilo ndilo swali tunaloulizwa zaidi. La pili ni unene wa kuta.

Lenye uzito kuliko yote ni daftari. Nyuma ya kila msafara hutembea karani wa Ofisi na Daftari la Nyumba kifuani. Mizunguko ya siku ni mitatu. Neno ambalo Mwenyeji amelisema juu ya chumba katika mizunguko yote mitatu, bila kulibadili, huandikwa kwa wino, na kesho yake fundi huja kulichonga kwenye kibao cha marumaru mlangoni. Baada ya hapo halina mjadala. Ofisi haina njia nyingine ya kuzijua nyumba zake. Waliokaa ndani yake wana maneno mengi na kila mmoja ana lake, kwa hiyo Ofisi humsikiliza mtu mmoja mara tatu, na mtu huyo akikubaliana na nafsi yake, yatosha. Chumba kimoja kimoja huletwa kwa zamu, kila mwaka chumba kimoja. Mwaka huu ilikuwa zamu ya chumba cha mwisho cha ushoroba wa chini.

Na mzunguko mmoja si saa moja. Sijui ni kitu gani. Ninachojua ni kwamba mzunguko wa kwanza nilikuwa na meno yangu yote, wa pili nilikuwa nimeanza kuvaa miwani, na wa tatu magoti yalikuwa yananiuma kila ngazi. Watu wa mji huu hawaoni ajabu. Siku ya Milango ni ndefu, wanasema, uje umeshakula.

Nieleze pia nilivyopata kazi. Ofisi hufanya mtihani, na mtihani ni mmoja: tembea kinyumenyume ndani ya jengo uliloomba, bila kugeuka na bila kujikwaa. Wenzangu walijikwaa kwenye kizingiti cha ushoroba, ambacho kimeinuka kuliko vingine. Mimi nilikiruka bila kukitazama. Nilipita ushoroba wote, hatua kumi na tatu, nikasimama pale pale panapotakiwa, mgongo wangu shibri moja kutoka mlango wa chumba cha mwisho. Wasimamizi walipiga makofi. Mmoja alisema mtu huyu amezaliwa kwa kazi hii. Hakuna aliyeuliza miguu yangu ilijifunzia wapi.

Sasa nyumba yenyewe. Jumba la Mizani lilijengwa kwa ajili ya kupimia karafuu na mbata. Katikati ya ukumbi unaning'inia mzani mkubwa, mtu mzima anaweza kukaa kwenye sahani yake moja na miguu isifike chini. Baadaye lilifanywa baraza la kesi, na baadaye tena kikaja kipindi kifupi ambacho karatasi ya njano inakiita kipindi cha marekebisho, bila kusema kilichorekebishwa. Kuhusu chumba cha mwisho, karatasi ina sentensi moja tu: Chumba hiki kilikuwa ghala la magunia.

Mzunguko wa kwanza walikuja watu ishirini na kitu. Karani wetu, Pandu, mtu mwembamba mwenye kalamu mbili sikioni, aliandika majina yao mlangoni. Mmoja wao alikuwa mwanamke kijana, amejifunga kanga za rangi ya kunde, ameshika sahani iliyofunikwa kwa kawa.

"Jina?" Pandu aliuliza.

"Ruzuna. Mke wa Machano."

"Machano yupi?"

"Machano mpimaji. Wa hapa hapa."

"Vitu vya kula haviingii, bibi."

"Si changu mimi. Nimemletea."

Pandu alinitazama. Mimi, kwa sababu nisizozifikiria wakati ule, nilinyoosha mikono nikaipokea sahani. Mikono ilijua namna ya kuipokea, mmoja chini na mmoja kwenye ukingo, kawa isiteleze. Nikaendelea na maelezo. Nilionyesha mzani. Mwanamume mmoja aliuliza kuta zina unene gani, nikamwambia dhiraa mbili kasoro. Tukaingia ushoroba, mimi kwa visigino, na nilipofika mwisho nikasema, "Chumba hiki kilikuwa ghala la magunia." Pandu akatia alama moja ya penseli.

Kwenye mlango wa kutokea nilimrudishia yule mwanamke sahani yake. Aliinua kawa. Nusu ya wali ilikuwa imeliwa, nusu imebaki, na samaki hajaguswa.

"Bado hali vizuri," alisema, kama anayejisemea.

"Homa," nikajibu. Sikujua kwa nini nilisema homa.

Mzunguko wa pili alikuja tena. Kanga zilikuwa nyingine, uso umepevuka, na kwenye paji la uso palikuwa na mkunjo ambao asubuhi haukuwapo. Sahani ilikuwa ile ile, yenye ua la bluu katikati. Niliipokea. Nilionyesha mzani, mwanamume mwingine aliuliza unene wa kuta, nikampa dhiraa zake. Nikaingia ushoroba. Chumba hiki kilikuwa ghala la magunia. Alama ya pili.

Mlangoni nikamrudishia sahani, na safari hii ilikuwa tupu, imesafishwa hata punje moja isibaki. Aliitazama mpaka nikaona haya, ingawa sikujua haya ya nini. Kisha nikausikia mdomo wangu ukisema, "Anasema uongeze pilipili."

Yule mwanamke alicheka. Alicheka kwa sauti, machozi yakimtoka, akaikumbatia sahani tupu kifuani. "Pilipili," alisema. "Mwambie nitamtwangia leo leo." Akaenda zake upesi, huku kanga zikimfunguka.

Katikati ya mzunguko wa pili na wa tatu Mwenyeji hupewa nafasi ya kunywa chai. Nilikaa kwenye ngazi ya nyuma na kikombe changu, nikajaribu kuwaza kuhusu majengo kwa jumla, ndivyo ninavyofanya nisipotaka kuwaza kuhusu jengo moja. Nilijiuliza, nyumba ikifunguliwa kwa watu wote, kinachofunguliwa ni nini? Mlango ni mbao tu. Mtu anaweza kuingia vyumba vyote kumi na vinne, akashika kila kitasa, akatoka hajaingia popote. Mji huu unafungua milango mara moja kwa mwaka, na kila mwaka vibao vya marumaru vinaongezeka, na mimi naona kadiri vibao vinavyoongezeka ndivyo vyumba vinavyofungika. Hayo ni mawazo yangu, hayamo kwenye karatasi ya njano. Chai ilikuwa imepoa. Mdomoni nilikuwa na ladha ya pilipili, na sikuwa nimekula kitu tangu asubuhi.

Mzunguko wa tatu alikuja bibi kizee. Nilimtambua kwa sahani. Haikuwa na kawa, haikuwa na chakula, alikuwa ameishika kwapani. Nilinyoosha mikono, yenyewe ikanyooka, na hakunipa.

"Shikamoo, bi mkubwa," nilisema.

"Marahaba. Leo sikupika."

"Karibu, mgeni."

"Mimi si mgeni hapa," alisema, "ila twende, useme maneno yako, tusiwacheleweshe watu."

Wageni wa mara hii walikuwa wachache, saba au wanane. Nilionyesha mzani kwa haraka. Nikaanza ushoroba. Hatua ya tano, Bi Ruzuna akapita mbele ya wenzake, akawa ananifuata karibu sana, uso kwa uso, yeye akija na mimi nikirudi.

"Nataka kukuuliza kabla hujafika mwisho," alisema.

"Maswali ni baada ya maelezo, bi mkubwa."

"Baada ya maelezo karani ataandika, na kikishaandikwa sina pa kuuliza. Nisikilize. Mume wangu alikuwa mpimaji kwenye mzani ule. Alisema mzani unawapunja watu, wakaja wakamchukua. Wakaniambia yuko humu, nilete chakula mlangoni, kuna mtu atapokea. Nikaleta. Miezi. Halafu siku moja nikaambiwa hapa hapajawahi kuwekwa mtu, nirudi nyumbani. Mimi si mke, si mjane. Nilikwenda kwa sheikh, nikamwambia nataka kukaa eda. Akasema eda inahesabiwa tangu siku ya kifo, lete siku. Nikasema sina siku. Akasema basi subiri upate."

Pandu, nyuma ya wote, alikuwa amesimamisha penseli.

"Najua imeshapita, mimi si mjinga," aliendelea. "Miezi minne na siku kumi, ingekuwa imepita mara mia. Nataka kujua ilipita lini. Ukisema ghala mara ya tatu, Machano hakuwahi kuwamo humu, na mtu asiyekuwamo hana siku ya kufa. Ndilo ninaloomba. Siku. Sitaki kingine."

Nilikuwa hatua ya kumi na mbili. Kumi na tatu. Mgongo wangu shibri moja kutoka mlangoni. Wageni wakanitazama. Nikafungua mdomo niseme sentensi yangu.

"Geuka kwanza," Bi Ruzuna alisema.

"Hairuhusiwi."

"Geuka ukitazame, kisha useme ghala."

Kumpa mgeni mgongo. Sijapata. Kuna mtembeza wageni mmoja wa Jumba la Maji aliyegeuka kumwepuka nyuki, akavuliwa beji siku hiyo hiyo. Lakini nilikuwa nimesimama pale, na nikaanza kuzifikiria hatua zangu kumi na tatu. Adabu. Tumeambiwa kinyumenyume ni adabu. Nani mwingine anatembea kinyumenyume? Anayetoka kwenye chumba cha mtu anayemwogopa. Anayebeba bunda la funguo, aliyeambiwa na mkubwa wake usimpe mahabusu mgongo, hata mgonjwa, hata akiwa amelala. Anatoka kwa visigino. Anakiruka kizingiti. Anahesabu. Kumi na tatu. Mwendo ni ule ule. Heshima na woga, mtu akivitazama kwa miguu peke yake, hawezi kuvitofautisha. Mimi sikufundishwa kazi hii na Ofisi. Nilikuja nayo.

Niligeuka.

Chumba kilikuwa kidogo kuliko sentensi yake. Mlango ulikuwa na nondo juu na kitundu chini, upana wa sahani moja, na kingo za kitundu zilikuwa zimelika. Magunia hayapelekewi sahani. Ndani, kwenye ukuta wa mkabala, chokaa ilikuwa nyeupe kila mahali isipokuwa sehemu moja, kimo cha mtu aliyekaa chini, ambapo ukuta umekuwa laini na unang'aa kwa kuegemewa. Na nje, juu ya mlango, palikuwa na msumari. Mkono wangu ulikwenda kwenye msumari kabla sijauamuru. Ndipo nilipokuwa natundika funguo.

"Faki," Bi Ruzuna alisema nyuma yangu.

Hakuna mtu aliyekuwa ameniita jina hilo kwa muda mrefu. Nililisikia likinikaa vizuri, na hilo liliniumiza kuliko lawama.

"Unanijua, bi?"

"Tangu mzunguko wa kwanza. Nilikuwa nangoja unijue wewe."

Nilibaki nimewapa mgongo, kwa sababu sikuweza kuyasema yale nikimtazama, na nakiri kwamba ulikuwa woga, haukuwa adabu. Nilikuwa na uwezo wa kusema ghala. Lilikuwa neno jepesi, limeshasemwa mara mbili, lingenipeleka nyumbani na beji yangu. Ningeweza pia kusema nusu: ndiyo, alikuwamo, siku siikumbuki. Hiyo nusu niliiona ikija mdomoni imejivika vizuri. Tatizo la siku ni kwamba siku moja inazivuta zinazofuata. Nikimpa ya kifo, atahesabu sahani zilizokuja baada yake.

"Ilikuwa Jumatatu," nilisema. "Mwezi kumi na nne Rajabu. Nakumbuka kwa sababu mafundi walikuwa wanapaka chokaa ukumbini, na mkubwa alisema tusimtoe mpaka wamalize, wasione. Alikuwa na homa tangu wiki ile. Asubuhi alikula nusu. Adhuhuri nilipopitisha maji hakuyavuta. Walimtoa kwa mlango wa nyuma. Walimpeleka wapi, sikuuliza."

Aliyekuwa akitaka kuuliza unene wa kuta hakuuliza.

Nilisikia vidole vyake vikihesabu, vikigusa ukingo wa sahani kimoja kimoja. "Shaabani. Ramadhani. Mfungo Mosi. Mfungo Pili. Na kumi. Inaisha mwezi ishirini na nne Mfungo Pili."

"Ndiyo, bi."

"Mimi nilileta chakula mpaka mvua za mwaka ule zilipoanza. Hiyo ni miezi saba."

"Ndiyo."

"Sahani zilikuwa zinarudi tupu."

Sasa niligeuka kumtazama. Nilimwona jinsi alivyo, mzee, mfupi, kope zimeanguka, na nilimwona pia yule wa kanga za kunde, na yule aliyecheka. Wote watatu walikuwa wanangoja jibu moja.

"Nilikula mimi," nilisema. "Siku ya kwanza nilisema nitakwambia kesho. Kesho ulileta samaki wa kupaka. Nilikuwa na njaa, bi, lakini si njaa tu. Hakuna mtu aliyekuwa ananipikia. Nikasema kesho."

"Idi ya mwaka ule nilileta pilau."

"Niliila."

"Nilijifukiza udi siku ile. Nilipaka hina mikono miwili, nikaja hapa nimejipamba, ili ukinipokea sahani umwambie mke wako amependeza." Alisema bila kupandisha sauti, kama anayeagiza kitu dukani. "Ndani ya eda yangu."

Aliigeuza sahani mikononi.

"Na pilipili? Aliyeagiza pilipili nani?"

"Mimi."

"Nilikuwa namtilia chakula cha mgonjwa," alisema. "Bila pilipili, chumvi kidogo. Uliponiambia anataka pilipili, nikajua amepona. Mtu mgonjwa hatamani pilipili. Nililia njia nzima kwa furaha. Niliwaambia majirani, niliwaambia ndugu zake. Nilitwanga kila siku mpaka viganja vikaniwaka." Alivitazama viganja vyake. "Eda yangu nzima niliikaa nikitwanga pilipili."

Aliinama, polepole kwa sababu ya mgongo, akaisukuma sahani kupitia kile kitundu cha chini ya mlango. Ilipita bila kugusa kingo. Ilisimama ndani, karibu na ukuta unaong'aa, ua la bluu juu.

Karani Pandu alikohoa. Yeye ni mtu wa kanuni na simlaumu. "Mwenyeji," alisema, "nina ghala mara mbili, na haya mara moja. Kwa utaratibu hakuna lililotimia. Kibao kitabaki kitupu. Labda mwaka ujao uyaseme mara tatu."

Nilivua beji nikampa. Alisita, akaipokea.

"Kibao si shida yangu," Bi Ruzuna alimwambia. "Mimi nimepata siku. Lakini wewe una kalamu hapo, na umesikia. Andika siku. Andika na nani alikula."

"Nimeshaandika, bi mkubwa. Kwa penseli."

"Na pilipili uiandike."

Pandu aliipitisha kalamu juu ya ukurasa, akitafuta safu ya mambo ya namna hiyo. Haikuwapo, akaiandika pilipili pembeni.